Shoo yako ya kwanza ya muziki wa laivu ukiwa mtoto ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale waliopelekwa au waliojipeleka kuona bendi ikipiga laivu wakiwa bado watoto, iwe dansi, taarab, bongo fleva, hata rock kwa waliokulia ughaibuni, kila mtu aweke ya kwake. Naanza mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya 80, Iddi Pili mchana, baba mdogo alitubeba mimi na binamu yangu mpaka ukumbi wa DDC Kariakoo kuiona bendi ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Enzi hizo nyimbo za bendi tulizijua kwa redio tu, maana bendi zilikuwa zinarekodi pale RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, na santuri za hapa nyumbani zilikuwa za kutafuta, kwa hiyo sauti za waimbaji wao, Gurumo na Bitchuka, nilishazikariri, maneno yote ninayo kichwani, nikajiona najua kila kitu. Kumbe besi nilikuwa sijawahi kuisikia maishani mwangu. Redio yetu ya betri ilikuwa haitoi besi kabisa. Sasa siku hiyo tumekaa karibu na spika, jamaa akaanza kukung'uta lile gitaa, chupa ya Fanta ikawa inatetemeka mkononi, nikaiweka chini nikaweka kiganja kwenye meza, meza nayo inatetemeka, nikamwangalia baba mdogo naona anacheka tu.

Halafu akanifanyia kitu ambacho namshukuru mpaka kesho. Akaniinamia sikioni akanionyesha mpiga gitaa la rithim, akasema msikilize yule peke yake, wengine wote waache. Nikamsikiliza, anarudia kitu kidogo kilekile, wala hana haraka. Baadaye akanihamishia kwa second solo, kisha solo, kisha tumba, na wimbo ulipochanganya tarumbeta na saksafoni zikaingia pamoja nikashindwa kushika mmoja mmoja, zote zikanijia kwa mpigo. Tangu siku ile ndivyo ninavyosikiliza muziki, namtafuta mtu mmoja kwanza. Haya karibuni.

*Mdau wa Ilala:* Mkuu umenikumbusha mbali ila mimi ni wa bendi pinzani, Msondo damu damu, toka ikiitwa NUTA Jazz kabla haijawa JUWATA, nyie watani wetu mlizaliwa 1978 mkatukuta. Shoo yangu ya kwanza niliona miguu tu. Sina utani, ukumbi ulikuwa umezungushiwa mabati na chini kulikuwa na uwazi kama shubiri moja, tunalala kifudifudi watoto wa mtaa mzima tumepangana, unachoona ni viatu vya raizoni na suruali za bugaluu zinasugua sakafu. Lakini nakwambia kwa miguu ile unajua kila kitu, wimbo ukiwa wa taratibu miguu minne inakaa sehemu moja haiondoki, ukichanganya mtu anaondoka na kisigino. Mpiga gitaa sikumwona hata kidogo na wala sikuona nimepungukiwa. Kina kaka waliokuwa na hela ya kiingilio wakitoka tunawauliza wamevaa nini wanamuziki, wanatusimulia, basi tunarudi nyumbani tumeridhika.

*Bint Unguja:* Mie yangu ni taarab, Culture Musical Club. Mama kanivisha gauni jipya, kanikalisha mbele, kanambia usisinzie. Fidla zimepangwa safu nzima, kanuni, kile chombo cha nyuzi, pembeni, mie macho yangu kwenye ile kanuni maana sikujua mtu anapigaje nyuzi nyingi namna ile bila kukosea. Katikati ya wimbo mama akanitia noti mkononi, akanambia ngoja, ngoja, sasa nenda. Nikenda mpaka jukwaani peke yangu kumtuza bibi anayeimba, kaipokea huku anaimba, hakukatisha hata neno. Pale karibu nikasikia vitu ambavyo ukiwa umekaa husikii, upinde unakwaruza kwenye uzi, bibi anavuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Ukubwani ndio nikaelezwa kuwa mama alikuwa anasubiri ubeti ule makusudi, kuna mtu alikuwa amekaa safu ya nyuma anajibiwa, na mie ndie nilopeleka jibu. Nampenda mama yangu kwa lile hadi leo.

*Mtoto wa Sinza:* Dr. Remmy na Super Matimila. Sisi tumekulia huku, kituo cha daladala chenyewe kinaitwa Sinza kwa Remmy, kwa hiyo nilikuwa namwona mtaani na zile rasta zake kabla sijamwona jukwaani, nikawa nadhani ni jirani tu kama majirani wengine. Siku nilipopelekwa akapiga wimbo wake wa Kifo, kuna mama pale mbele alikuwa analia machozi kabisa na bado anacheza, hakosei hata hatua. Nilikuwa mdogo ila nilielewa huyu amefiwa, na kwamba amekuja pale kwa sababu hiyo. Remmy tulimzika Desemba 2010 na nilipopata taarifa nilimfikiria yule mama.

*Wa Nairobi:* Yangu ni fupi. Garden Square, Les Wanyika, nilienda na mjomba aliyekuwa anasaidia kubeba vyombo. Nilichoona vizuri ni kule kutune magitaa mchana ukumbi ukiwa mtupu, Shabani mwenyewe, mpiga gitaa wao, akirudia kamstari kamoja mpaka mjomba akachoka kungoja. Usiku bendi ilipoanza kupiga nilikuwa nimelala fofofo juu ya makoti. Sijutii, ile ya mchana wengi hawajaiona.

*Mwenye uzi:* Bint Unguja hiyo ya kubeba jibu bila kujua imenigusa sana, kama mama yupo hai mwulize ubeti ulikuwa unasemaje utuwekee hapa. Mdau wa Ilala, Gurumo amepita kwenu na kwetu, kwa huyo tusigombane. Bado nawasubiri wa Lubumbashi na Bujumbura, na kama kuna aliyekulia Ulaya akapelekwa kwenye rock kabisa, magitaa ya kupiga kelele, aje atwambie alishika sauti ipi kwanza.