MJADALA: Bata wa mwituni wametuelemea bwawani. Tufyeke ukingo wote au tuuoteshe?

Mleta mada

Mbukwenyi wadau. Nipo upande wa Chamwino, kijiji chenye bwawa la tangu enzi za mkoloni na skimu ndogo ya mpunga na mboga chini ya tuta. Kijijini imeletwa hoja kwamba kila kaya itoe mtu, tufanye msaragambo, tufyeke ukingo wote wa bwawa: matete, vichaka, kila kitu, pabaki peupe. Sababu iliyotolewa ni ndege waharibifu. Mimi napinga, na nataka nipingwe kwa hoja kabla watu hawajabeba mapanga.

Tatizo la kwanza ni kwamba tunasema "ndege" kana kwamba ni mmoja. Kwelea kwelea hahitaji kutambulishwa kwa mtu wa Dodoma. Mmoja anakula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja ni tani 10, na mtama au uwele wako ukiwa njiani umekwisha. Huyu usiku analala kwenye matete mazito yaliyosimama majini, au kwenye migunga yenye miiba. Kumfyekea matete kuna mantiki.

Bata ni habari nyingine. Kwetu wapo wa aina mbili. Wa kwanza ni bata wa Misri, yule wa kahawia mwenye doa la kahawia iliyokolea kuzunguka jicho, ambao mara nyingi utawaona wawili wawili. Wa pili ni yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa, dume lake linaweza kufika kilo sita. Hawa hawasubiri suke, wanaanza na mche. Ukiingia jarubani alfajiri unakuta maji yamevurugwa, miche inaelea mizizi juu, na kinyesi cha kijani kimetapakaa kwenye matuta. Yule mweusi hula jioni na alfajiri, na mbalamwezi ikiwaka anakula usiku pia, saa ambazo watoto wa kuamia wamelala.

Sasa tazameni bwawa lenyewe. Upande wa mashariki ng'ombe wameshaukwangua miaka na miaka, nyasi ni fupi hadi maji yanapoanzia. Bata wako huko. Upande wa magharibi wenye matete utawaona wanaelea tu, hawapandi. Hakuna uchawi hapo. Bata ni mlaji wa nyasi. Anapenda nyasi fupi na laini, karibu na maji, mahali anapomwona mbwa au mbweha tangu mbali ili akimbilie majini. Tena kuna kipindi anapukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo, anakaa kama mwezi hawezi kupaa. Wakati huo anaishi kwa miguu tu: anatoka majini, anakula, anarudi. Mzibie njia ya miguu na umemnyang'anya meza.

Ndiyo maana kule Cape Town wanaolalamikia bata wa Misri ni wenye viwanja vya gofu, maana wao wameotesha nyasi fupi pembeni ya bwawa kwa makusudi. Na Marekani, kwenye bustani zenye mabwawa, ushauri wa kawaida ni uache majani ya ukingoni yarefuke yapite kiuno cha mtoto, na usiwarushie bata mkate.

Kwa hiyo tukifyeka kila kitu tunamsumbua kwelea na kumtandikia bata mkeka. Pendekezo langu: upande unaotazama mashamba, kwenye ukingo mkavu, tupande mistari ya mkonge na nyasi ndefu za vetiva, minene na ya kuzuia kupita. Matete ya majini tuyapunguze kwa mapengo ili yasiwe msitu wa kulala kwelea. Mashariki, mbali na mashamba, tuwaachie bata na ng'ombe kama palivyo. Karibuni.

Jaruba la Tatu

Mkuu, umeeleza vizuri lakini umesahau kitu kimoja: bata ana mabawa. Hilo zuio la mkonge linamzuia anayetembea. Yule mweusi mimi namwona anatoka bwawani anapaa, anazunguka mara moja, anatua katikati ya jaruba langu lenye maji. Mkonge atauona kwa juu.

Mleta mada

Kweli kabisa, na sisemi mkonge ni dawa ya yote. Lakini jiulize kwa nini anatua kwako. Jaruba lenye maji wazi na miche iliyoanza kushika mizizi, kwa bata ni bwawa jingine lenye chakula. Punguza kina cha maji siku za mwanzo baada ya kupandikiza, na kitalu kisikae ukingoni. Na nguvu za kuamia tuzielekeze kwenye majuma hayo machache, badala ya kupiga makopo msimu mzima mpaka ndege wazoee. Bata anazoea kelele haraka kuliko jirani yako.

Mwanabunduki

Mnazunguka sana. Bata ni kitoweo. Wapigwe.

Afisa Mstaafu

Kijana, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, na ndege wa porini wamo. Ukikamatwa, kitoweo hicho kitakutoka puani. Jingine: yule bata mwenye mwiba kule Gambia amewahi kugundulika nyama yake ina sumu, kwa sababu ya aina ya mbawakawa anaowala. Sisemi wa kwetu wako hivyo, nasema usimkabidhi mama watoto sufuria kabla hujauliza.

Nirudi kwenye mada, maana nimefanya kazi ya ugani miaka mingi. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna aliyetaja mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na mabwawa yamo. Mngeiheshimu tu, ukingo wenu ungekuwa na majani marefu na vichaka vya asili bila kununua mche hata mmoja. Udongo usingeshuka bwawani pia. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 na tope linaendelea kulimeza. Huo msaragambo wa kufyeka kila kitu unaleta bata mwaka huu na mchanga mwaka kesho.

Mama Chainizi

Shikamoo mzee wangu. Mita 60 naisikia kila mkutano. Naomba nikuulize kwa heshima: kiangazi, mvua ikikata mwezi wa nne mpaka wa kumi na mbili, sisi wanawake tunalima chainizi na matembele wapi? Unyevu uko hapohapo ukingoni. Ndani ya hizo mita 60 ndimo ada za watoto zinamotoka. Mkipanda mkonge wenu kwenye bustani zetu, bata wamepona, tuliofukuzwa ni sisi.

Na bata wananila mimi kuliko mwenye mpunga. Matembele wanakata majani, chainizi wanakanyaga.

Afisa Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hoja yako ni nzito, siwezi kuipuuza. Sheria ni sheria, lakini haijakataza kijiji kukaa chini na watu wa bonde la maji na kuwatafutia eneo chini ya tuta kwa zamu za maji. Mkitolewa ukingoni bila eneo mbadala, mtarudi usiku, na mimi nisingewalaumu.

Mvuvi wa Perege

Msiguse matete hovyo. Vifaranga vya perege vinajificha humo. Mkiyatoa yote nyavu zitabaki za kuvulia magugu. Hayo mapengo ya mleta mada nayakubali, ila yakatwe mkiwa nasi, tunajua mazalia yako wapi.

Jaruba la Tatu

Na kwelea je? Mnasema mapengo. Kwelea akikosa matete anahamia migunga ya mlimani, kesho yupo kwenye mtama uleule. Kilichobaki ni ndege ya kupulizia sumu, na sumu yenyewe ni fenthioni, ikimwagwa juu ya matete ya bwawani huyo perege wa mwenzetu atakuwa wa kwanza kuelea.

Mleta mada

Ndiyo maana sitaki msitu wa matete katikati ya maji tunayokunywa na kuvulia. Kundi likilala migungani, mbali na bwawa, hata wakija kupulizia angalau si juu ya maji. Na Kondoa wenzetu wanawatega kwelea kwa nyavu na kuwala, usiku, bila sumu. Kwenye migunga hilo linawezekana kuliko kwenye tope la kiunoni.

Mkazi wa Ilazo

Mimi wa mjini, niongeze dogo. Pale Msalato unajengwa uwanja mkubwa wa ndege. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya abiria New York ilipoteza injini zote mbili baada ya kugonga bata bukini, ikatua mto Hudson, watu 155 wakapona wote. Wanaochora bustani na mabwawa ya mapambo kuzunguka jiji wasome uzi huu.

Mleta mada

Umetoka nje ya mada kidogo mkuu, lakini kanuni ni ileile: nyasi fupi pembeni ya maji ni mwaliko.

Mchungaji wa Mashariki

Nimesoma yote. Mmegawana bwawa lote: mkonge wenu, matete ya mvuvi, bustani za akina mama. Halafu mashariki "tuwaachie bata na ng'ombe". Ng'ombe wangu wanatokea magharibi kiangazi, wakitoka malishoni. Mkifunga huko kwa mkonge watapita jarubani, na hapo bata mtawasahau. Nataka mapito yenye upana wa kueleweka na mbauti ya kunyweshea nje ya ukingo, ijengwe kabla ya shimo la kwanza la mkonge. Vinginevyo nipo na wanaofyeka.

Mleta mada

Mkuu, mbauti siwezi kukuahidi, hiyo ni fedha ya kijiji. Mapito naweka kwenye pendekezo leo hii: moja magharibi, karibu na mfereji wa zamani, na hapo ndipo waamiaji wasimame, kwa sababu pengo lolote tutakaloacha bata watalipata. Njoo tukapime upana sisi wawili, na Mama Chainizi awepo, maana linapita pembeni ya bustani yake.

Mama Chainizi

Linapita juu ya bustani yangu, si pembeni. Nitakuwepo.