Kwa nini California haiwezi kuwabana wenye reli kuhusu moshi wa treni?

MkaziWaYadini: Ndugu zangu, ninaishi mashariki ya Los Angeles, nyuma ya yadi ya reli, na kila asubuhi kitambaa ninachofutia ukingo wa dirisha hutoka na masizi yanayoteleza kama grisi. Usiku kucha vichwa vya treni huunguruma pale bila kuvuta hata behewa moja. Jimbo hili linasifika kwa ukali wake kwa magari. Wenye reli wanalindwa na nini?

WakiliMstaafu: Wanalindwa na sheria za shirikisho. Marekebisho ya mwaka 1990 ya Sheria ya Hewa Safi yanayakataza majimbo kuweka viwango vya moshi kwa vichwa vipya vya treni, kazi hiyo ikiachiwa EPA, yaani shirika la mazingira la serikali kuu; nayo sheria ya reli ya mwaka 1995 ikayaondolea majimbo karibu mamlaka yote juu ya uendeshaji wa treni. Mamlaka ya hewa ya eneo lenu ilipojaribu kudhibiti ungurumaji huo, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mahakama ya shirikisho inayosikiliza rufaa za majimbo ya magharibi, iliamua mwaka 2010 kwamba haikuwa na uwezo huo. Wanaharakati wakaja na hoja kwamba masizi ya dizeli ni taka ngumu, hivyo kuyatoa hewani ni kutupa taka kinyume cha sheria ya taka. Ni hoja ya werevu, lakini mahakama hiyohiyo iliikataa mwaka 2014.

FundiDizeli: Niongeze jambo moja. Viwango vikali zaidi vya EPA vinahusu vichwa vilivyoundwa tangu 2015, ilhali kichwa cha treni hudumu miongo kadhaa, na vikongwe ndivyo hupelekwa yadini kupanga mabehewa.

MkaziWaYadini: Na ile kanuni ya jimbo ya 2023 imeishia wapi?

WakiliMstaafu: Ilitaka kuanzia 2030 vichwa vyenye umri wa miaka 23 au zaidi visitumike California, isipokuwa visivyotoa moshi kabisa. Makampuni yalikwenda mahakamani mwaka huohuo, na kanuni hiyo ilihitaji idhini ya EPA, lakini jimbo liliondoa ombi lake la idhini Januari 2025, hivyo ikakwama.

FundiDizeli: Hata hivyo kanuni za EPA za mwaka 2008 zinataka vichwa vipya, na vya zamani vinapoundwa upya, viwe na kifaa kinachozima injini treni ikisimama muda mrefu. Andika namba iliyochorwa ubavuni mwa kichwa pamoja na saa, kisha uipelekee EPA malalamiko yako.