Mama ana ugonjwa wa kusahau, kapewa dawa za Mirembe, za wagonjwa wa akili. Ni sawa kweli?

Mwanambuyuni: Wakuu, heshima kwenu. Bi mkubwa anasahau, na sasa usiku halali. Anafungua milango kutafuta ng'ombe ambao marehemu mzee aliwauza zamani. Dada wa kazi kaitwa mwizi wa kanga mpaka kafunga virago. Kituo cha afya kimetupa haloperidoli, hiyo dawa ya wagonjwa wa akili. Kulala analala, ila anaburuza miguu, mate yanamtoka, kijiko hakifiki mdomoni. Mimi nasema wazee wa namna hii wasipewe kabisa hizi dawa. Karibuni.

Kalamu Kavu: FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishaweka onyo lake kali kabisa tangu 2005 kwa zile dawa mpya za aina hiyo, risperidoni na wenzake. 2008 wakajumlisha za zamani kama hiyo yenu. Mzee mwenye ugonjwa huo akizitumia, hatari ya kufa inapanda mara moja na nusu na ushee. Moyo na nimonia ndiyo vinaongoza.

Jicho la Tatu: Mara moja na nusu ya ngapi? Usitutishe.

Kalamu Kavu: Majaribio ya kama wiki kumi: kwenye dawa walikufa 4.5 kwa mia, kwenye vidonge vitupu visivyo na dawa 2.6.

Jicho la Tatu: Basi zaidi ya 95 wako hai, wamelala, na anayewalea kalala. Nyie wa kunakili maonyo mko Ulaya. Hela inafika kwa simu, harufu ya mkojo haifiki.

Binti wa Leicester: Umenigusa pabaya. Harufu ya mkojo ndiyo mshahara wangu, nageuza wazee usiku kucha huku Uingereza. Serikali yao yenyewe ilipewa ripoti 2009: wazee kama 180,000 walikuwa wanapewa dawa hizi kwa mwaka, waliofaidika 36,000, vifo vya ziada 1,800. Risperidoni wameiruhusu kwa muda mfupi tu, wiki sita, mzee akiwa anapiga watu na mengine yote yameshindikana.

Jicho la Tatu: Unageuza wa wenzio. Wa kwako anageuzwa na nani?

Binti wa Leicester: Na dada yangu. Na namlipa vizuri.

Wifi Mkubwa: "Namlipa." Haya, ndiyo tumeingia kwenye mada sasa. Mimi nimemuuguza mama mkwe hadi kaburini, watoto wake wa kuwazaa hakuna aliyelala pale hata wiki. Kikao cha mirathi viti havikutosha.

Kalamu Kavu: Wifi, tunajadili dawa.

Wifi Mkubwa: Dawa anameza kwa mkono wa nani? Ningepata wa kunipokea zamu saa nane usiku, nisingegusa kidonge.

Zamu ya Usiku: Mtoa mada, alibadilika ghafla au polepole? Kama ni ghafla, pima mkojo kwanza, mwangalie malaria, choo kufunga, maumivu, na dawa nyingine anazomeza. Tena kuna aina ya ugonjwa huu wa kusahau inaitwa ya Lewy: mgonjwa anaona watu wasiokuwepo, mwili unakakamaa. Huyo haloperidoli inaweza kumuua. Huko kuburuza miguu kunafanana na madhara ya dawa, mrudisheni leo kwa aliyeandika, msingoje tarehe.

Jicho la Tatu: Maambukizi ya mkojo, UTI, tena! Nchi hii unaenda na jino, unatoka na UTI na taifodi.

Kalamu Kavu: Hahaha, na chupa ya dripu juu.

Mpwa wa Dodoma: Mimi niliambiwa nina taifodi kwa simu.

Binti wa Leicester: Jicho la Tatu bado hajasema mama yake anakaa na nani.

Jicho la Tatu: Anakaa kwangu. Saa tatu usiku keshalala. Usiniulize kwa nini.

Wifi Mkubwa: Wewe au mkeo ndiye unampa?

Mwanambuyuni: Samahani wakuu, huo mkojo nitaupataje? Hakubali kuvuliwa na mtu.

Wifi Mkubwa: Asubuhi akiamka tu, kabla ya chai. Aende naye mwanamke anayemfahamu, wewe kaa nje.