Kiwanja Kigamboni: nataka ndege na vipepeo, si kunguru tu

MpandaPantoni:
Wakuu, habari zenu. Nina kiwanja Kigamboni, mita 20 kwa 25, nyumba imeshaezekwa. Udongo ni mchanga mtupu. Fundi wa bustani kanipigia hesabu ya kung'oa vichaka vyote, kumwaga udongo mwekundu, kuotesha ukoka na kupanga miti ya ashoki ukutani. Nikimuuliza ndege watakaa wapi, anacheka. Nataka asubuhi nisikie ndege, na watoto waone vipepeo. Kwa sasa wanaokuja ni kunguru tu. Nianzie wapi? Mke wangu ana sharti moja: nyoka asionekane.

MamaMishubiri:
Mkuu, mzuie huyo fundi kabla hajashika panga. Vichaka vya mpakani viache, hasa kama kuna michongoma. Ndege wadogo wanapenya kwenye miiba na kutaga humo. Kunguru kwa ukubwa wake anapata shida. Na hao kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, sasa wanakula mayai na makinda ya wenzao. Kwa hiyo usimwage wali uani eti unalisha ndege, utawanenepesha wao. Pipa la taka liwe na kifuniko. Hapo umemaliza nusu ya kazi bila kununua mche hata mmoja.

Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anafuata maua yenye umbo la bomba. Panda mishubiri, inavumilia mchanga na jua. Mlonge pia: asili yake India, lakini chozi haulizi pasipoti. Ila ujue makinda yake hayakui kwa maji ya maua, yanalishwa buibui na wadudu. Hata kile kiota kinachoning'inia kinafungwa kwa utando wa buibui. Ukipuliza dawa ya wadudu kila Jumamosi kama majirani zangu, umemfukuza.

Kwa vipepeo, panda mndimu kisha ukubali majani yaliwe. Utaona vitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani. Ni viwavi hao. Wakikua wanageuka kijani, na ukiwagusa wanachomoza pembe za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto watashinda hapo! Baadaye anatoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Panda miwili: mmoja wenu, mmoja wao.

Kichaka cha maua kinachoitwa lantana usikipande, hata ukiona kimejaa vipepeo. Kimetoka Amerika, ndege wanatawanya mbegu zake, na kikishika mahali kukitoa ni vita.

KakaToangoma:
Msisahau mbu. Dar tulipigwa na dengue 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana hata kwenye kifuniko cha ndoo. Bakuli la maji ya ndege limwage kila baada ya siku mbili, tena ulisugue, maana mayai yanaganda ukingoni.

Mwambie shemeji nyoka anafuata panya na vyura, na anajificha kwenye matofali na mbao zilizobaki za ujenzi. Ondoa hayo kwanza. Kuzunguka nyumba acha mita tatu peupe, ukoka mfupi. Vichaka vikae mbali, ukutani.

MpandaPantoni:
Shukrani sana. Fundi nimemwambia aje na koleo, panga aache kwake. Tatizo sasa ni jirani, anasema nikiacha vichaka vitaleta bundi, na bundi ni nuksi.

MamaMishubiri:
Akija bundi shukuru, anakula hao hao panya wanaoita nyoka. Jirani utampelekea ndimu. Wewe angalia kalenda: miche iingie ardhini masika yakianza, Machi, la sivyo utashinda unanunua maji ya boza.