Naomba ushauri: nataka banda zima liwe la kuku wa kishingo

Habari zenu wakuu. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Morogoro. Kwa joto hili kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, ndiye anayehimili: mchana wenzake wanatweta kivulini, yeye anachakura tu. Nina jogoo mmoja wa aina hiyo. Nilimpandisha kwa mitetea mitatu ya kawaida, wakatotoa vifaranga 22. Vishingo 12, wenye manyoya shingoni 10.

Nikafukua daftari langu la Baiolojia. Mendel, yule mtafiti wa urithi, alipozalisha njegere zake warefu kwa wafupi, kizazi cha pili alipata mimea mirefu 787 na mifupi 277, karibu tatu kwa moja, na mrefu mwenye jeni moja ya urefu huwezi kumtofautisha kwa macho na mwenye mbili. Kishingo hafichi hivyo. Mwenye jeni mbili shingo ni tupu. Mwenye moja hubaki na kishungi cha manyoya mbele ya shingo, kwa chini. Jogoo wangu anacho, na wale 12 wote wanacho.

Kwa hiyo nikiwapandisha wao kwa wao, kwenye kila vifaranga wanne nitegemee mmoja wa shingo tupu, wawili wa kishungi, mmoja wa kawaida. Hao wa shingo tupu ndio ninaowataka.

Lakini ni ndugu wa baba mmoja, naogopa kuzaa kuku dhaifu. Nitafute jogoo mwingine wa kishingo kijiji cha mbali, au kwa kizazi kimoja tu hakuna madhara? Aliyewahi kufanya hivi anisaidie, mitetea imeshaanza kutaga.