Kama mkia wa lusini unapatana na mafuta, kwa nini haipenyi utando wa seli yenyewe?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili
Habari zenu wanajukwaa. Tumefundishwa kwamba utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, na kwamba vitu vinavyopatana na mafuta huupenya kwa urahisi. Lusini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ina mkia wa kaboni na hidrojeni tupu, mkia unaokimbia maji. Iweje basi nayo ihitaji protini ya kuivusha, sawa na laisini, asidi amino nyingine yenye mkia wenye chaji? Na kama zote ni za kuvushwa, kwa nini zisipite mlango mmoja?

Mkemia
Ndugu, umeutazama mkia ukasahau kichwa. Katika pH ya damu, ambayo ni takriban 7.4, kundi la kaboksili limekwisha kuachia protoni yake na kubaki na chaji hasi, huku kundi la amino likiwa limeshika protoni na kubeba chaji chanya. Ukijumlisha unapata sifuri, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa maana chaji zote mbili bado zipo, kila moja imezungukwa na molekuli za maji, na gharama ya kuzivua maji hayo ili zizame kwenye mafuta ni kubwa kuliko nafuu inayoletwa na mkia wa lusini.

Kazi ya mkia ni kuchagua mlango. Protini ya kuvusha iitwayo LAT1 hupokea asidi amino zenye mkia mkubwa usio na chaji, kama lusini, fenilalanini na triptofani, kwa mtindo wa nipe nikupe: moja ikiingia, nyingine hutoka. Laisini na arijinini hupita protini nyingine, CAT1, na kwa kuwa upande wa ndani wa seli ni hasi, chaji yao chanya huvutwa ndani bila msaada wa sodiamu. Mwenye taabu ni glutamati, ambayo ni hasi na inaingia mahali palipo hasi, tena ambamo glutamati imekwisha kujaa. Katika ubongo kisafirishaji chake huiingiza pamoja na ioni 3 za sodiamu na protoni 1, kisha hutoa ioni 1 ya potasiamu. Piga hesabu utaona kwamba kila mzunguko umeingiza chaji chanya 2, kwa hiyo umeme uleule uliokuwa ukiisukuma glutamati nje sasa unasaidia kuivuta ndani.

Mfamasia
Sisi wa dirisha la dawa tunaliona jambo hili kwa wagonjwa wa Parkinson. Kinachopungua katika ubongo wao ni dopamini, lakini dopamini haina kundi la kaboksili, hivyo LAT1 haiitambui na kizuizi kati ya damu na ubongo huizuia. Levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, bado inalo kundi hilo; LAT1 huiona kama ndugu wa tairosini na kuipitisha. Tatizo ni kwamba mlango huohuo unagombewa na asidi amino za chakula. Mzee mmoja alinilalamikia kwamba kidonge cha asubuhi, alichomeza kwa chai ya rangi kabla ya kula, kilimtuliza mkono, ilhali cha mchana, alichomeza juu ya sahani ya maharage, kilimwacha kikombe kikicheza mkononi. Ndiyo maana mara nyingi tunashauri dawa hiyo imezwe nusu saa kabla ya mlo, ingawa ratiba ya kila mgonjwa hupangwa na daktari wake.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili
Nawashukuru sana. Na histidini je? Kitabu kinaiweka pamoja na laisini katika kundi la chaji chanya.

Mkemia
Kitabu kimeiweka hapo kwa uwezo wake wa kupokea protoni, si kwa hali yake ya kila siku. pKa ya mnyororo wake wa pembeni, yaani pH ambayo nusu ya molekuli huwa zimeshika protoni hapo, ni karibu 6, kwa hiyo katika pH 7.4, kati ya molekuli 26 takriban 25 hazina chaji hapo pembeni. Histidini hupita LAT1 pamoja na lusini.