Naomba ushauri: vipimo viwili vya thairoidi vinapingana, na katikati nilikuwa nikitumia unga wa mwani

BintiWaUmoja

Habari zenu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkaazi wa Umoja, na ninaweka hesabu katika ghala moja kwenye eneo la viwanda. Tangu Aprili nimekuwa na uchovu usioondoka hata nikilala kwa muda wa saa 9, nywele zinabaki kwenye kitana, visigino vimekauka hadi vikapasuka, choo kimekuwa kigumu na hedhi imekuwa nzito kuliko nilivyoizoea. Ilipofika Julai nilikuwa nikivaa sweta mbili ofisini, lakini kwa kuwa Nairobi nzima hutetemeka mwezi huo, hakuna aliyeshangaa, hata mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa Julai nilipimwa damu. TSH, homoni ya kutoka kichwani inayoihimiza tezi ya thairoidi iliyo shingoni na ambayo hupanda tezi ikizembea, ilikuwa 8.9, na karatasi ya maabara inasema kiwango cha kawaida ni 0.4 hadi 4.0. T4 huru, yaani homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, ilikuwa 12.4, ambapo kawaida ni 12 hadi 22. Prolaktini, homoni ya kutoa maziwa, nayo ilikuwa 34, na mwisho wake ni 25. Daktari aliniambia kwamba tezi imeanza kuzembea, kwamba hataniandikia dawa kwa sasa, na kwamba nirudi baada ya miezi 2 au 3 tupime tena. Nilitoka mikono mitupu, na nakiri kwamba sikupendezwa.

Rafiki yangu akanipeleka kwenye duka la dawa za asili katikati ya jiji. Nikauziwa unga wa mwani, kijiko kimoja katika uji kila asubuhi, pamoja na vidonge vya kustawisha nywele. Nimetumia vyote viwili kwa wiki 10. Juzi nimepimwa katika maabara nyingine iliyo karibu na nyumbani: TSH ni 0.2 na T4 huru ni 27. Muuzaji anafurahi, anasema dawa imefanya kazi kupita kiasi na nipunguze kijiko kiwe nusu. Lakini mimi bado ni yule yule: nasikia baridi, nachoka, na nimeongeza kilo 4. Je, tezi inawezaje kutoka kwenye uzembe hadi kwenye pupa bila mwili kujua? Na hiyo prolaktini, ni kweli maana yake ni uvimbe kichwani? Nilisoma habari hizo usiku, na sikulala.

MjukuuWaMganga

Dada, usitafute maneno mengi. TSH imeshuka kutoka 8.9 hadi 0.2 bila kidonge hata kimoja cha hospitali, nawe bado una shaka? Mwani una madini ya joto (ayodini), na tezi hiyo chakula chake ni madini ya joto. Ongeza habat soda asubuhi na jioni, na uache kabisa sukuma wiki, kabeji na muhogo, kwa sababu huzuia tezi isifanye kazi.

Darubini

Mimi ni mtaalamu wa maabara, na hii ni kazi yangu ya mwaka wa 14. Kabla ya mtu yeyote kukuongezea au kukupunguzia dawa, nakuomba uchukue pakiti ya vile vidonge vya nywele na usome nyuma, palipoandikwa kwa herufi ndogo. Tafuta neno baiotini, ambayo ni aina ya vitamini, na utuambie kiasi chake.

BintiWaUmoja

Nimesoma. Mikrogramu 10,000 kwa kila kidonge, na nimekuwa nikimeza kimoja kila asubuhi, hata asubuhi ile ya kupimwa.

Darubini

Basi nadhani tumemkamata mwizi, ingawa si lazima awe peke yake. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 za baiotini kwa siku, nawe ulikuwa ukimeza zaidi ya mara 300 ya hizo. Kwa mwili wako pengine hakuna dhara, kwa kuwa nyingi hutoka na mkojo. Kwa mashine zetu ni jambo jingine. Mashine nyingi za kupima homoni hutumia baiotini kama gundi ya kunasia kile kinachopimwa. Damu inapoingia ikiwa imejaa baiotini ya vidonge, gundi ile hukuta nafasi zake zimekwisha kukaliwa na wageni. Katika kipimo cha TSH matokeo yake ni kusoma kidogo kuliko ukweli, na katika kipimo cha T4 huru, kwa jinsi kilivyoundwa kinyume, matokeo ni kusoma nyingi kuliko ukweli. Yakiwekwa pamoja kwenye karatasi moja, majibu hayo hufanana kabisa na ya mtu ambaye tezi yake inakimbia mbio. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017.

Si mashine zote zinazotumia mbinu hiyo, na ndiyo sababu kubadilisha maabara katikati ya safari huleta utata. Acha vidonge hivyo, subiri angalau siku 3, kisha rudi kwenye maabara ya kwanza, asubuhi, na uwaambie kwa mdomo wako kila kitu unachomeza, maana fomu zetu, naona aibu kusema, mara nyingi hazina nafasi ya kuuliza.

MamaSouthB

Naongeza la mwani, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Nina ugonjwa wa Hashimoto, ambao ulielezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912: kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Niliambiwa, kama wewe, kwamba napungukiwa na madini ya joto. Lakini mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na chumvi yote ya mezani inayouzwa Kenya hutiwa madini hayo kwa sheria. Nyanya yangu alikuwa na rovu kubwa shingoni kwa sababu katika ujana wake huko milimani chumvi ya namna hiyo haikuwapo. Shida yake haikuwa shida yangu. Aina fulani za mwani zina madini ya joto mengi ajabu, na kijiko cha leo hakilingani na cha kesho. Tezi iliyokwisha kuugua ikipewa ziada hiyo inaweza kufunga kazi kabisa, au kwa watu wengine kuanza kukimbia. Mimi yangu ilifunga.

Kuhusu sukuma wiki, tafadhali endelea kula. Mboga hizo zina kemikali zinazoweza kuisumbua tezi zikiliwa mbichi kwa wingi sana na mtu asiyepata madini ya joto, lakini sufuria ya sukuma iliyopikwa, pamoja na chumvi yetu, haijawahi kunipandishia TSH katika miaka 9 ya kupimwa.

Muombe daktari akupime kingamwili dhidi ya tezi. Na kama unapanga kushika mimba mwaka huu, mwambie siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo hawasubiri miezi 3. Tezi iliyolegea bila kutibiwa huongeza hatari ya mimba kuharibika.

MjukuuWaMganga

Kwa hiyo mnampeleka kwenye kemikali za maisha yote. Mababu zetu waliishi bila hizo.

MsomajiWaNgara

Ndugu yangu, hiyo unayoiita kemikali ilianza kama dawa ya asili. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimtibu mwanamke aliyevimba na kudhoofika kwa kumdunga maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo, na mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi. Tatizo la tezi za wanyama lilikuwa kwamba nguvu zake zilibadilika kila mara, kama kile kijiko cha mwani. Levothairoksini ya leo ni T4 ile ile inayotengenezwa na shingo yako na yangu, ila imepimwa kwa mikrogramu. Wala simtetei daktari aliyemwacha dada aondoke bila maelezo. Kama angetumia dakika 5 kumwambia kwa nini anasubiri, pengine duka lile lisingemwona.

MuuguziWaZamu

Nami nijibu la prolaktini, maana ndilo lililomnyima usingizi. Uvimbe mdogo kwenye tezi ya chini ya ubongo huweza kuipandisha, ni kweli, lakini 34 dhidi ya mwisho wa 25 ni ongezeko dogo, na sababu za kawaida huwa karibu zaidi. Tezi ya shingo ikilegea, ubongo hutuma ujumbe wa kuihimiza, na ujumbe huo huo huamsha prolaktini. Hofu, haraka na hata kudungwa sindano huipandisha. Dawa ya kichefuchefu iitwayo metoklopramaidi, pamoja na baadhi ya dawa za maradhi ya akili, huipandisha sana. Dada, asubuhi ile ya Julai ulifikaje maabara, na ulikuwa umemeza nini?

BintiWaUmoja

Nilichelewa matatu, nikakuta lifti imeharibika, nikapanda ngazi hadi orofa ya 4 nikihema, na nikadungwa kabla sijakaa vizuri. Na ndiyo, nilikuwa na kichefuchefu wiki ile. Nimetazama pakiti iliyobaki, imeandikwa jina hilo hilo.

MuuguziWaZamu

Basi irudie ukiwa umepumzika nusu saa na ukiwa huna dawa hiyo mwilini kwa siku 3 au 4. Ikiwa bado iko juu, au ukianza kutoa maziwa bila kunyonyesha, au macho yakaanza kufifia pembeni pamoja na kuumwa kichwa, hapo usikawie.

BintiWaUmoja

Nimerudi baada ya wiki 3 na siku kadhaa. Niliacha mwani na vidonge vya nywele siku ile ile, nikarudi kwa daktari wa kwanza nikiwa na pakiti zote mbili mkononi. Alizigeuza, akazisoma kimya, kisha akaniomba radhi kwa kutoniuliza. Maabara ile ile ya kwanza: TSH 14.2, T4 huru 10.6, na kingamwili 380 ambapo mwisho ni 34. Prolaktini imeshuka hadi 27, na amesema tutaitazama tena tezi ikishatulia. Hawezi kujua ni kiasi gani cha ongezeko hilo ni ugonjwa wenyewe na kiasi gani ni mwani, lakini kwa TSH iliyopita 10, T4 iliyoshuka na dalili nilizo nazo hakuona sababu ya kungoja. Nimeanza levothairoksini mikrogramu 50, na nitapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa dawa hii hujijenga mwilini polepole.

Limebaki swali moja. Nimepewa pia vidonge vya madini ya chuma kwa sababu damu imepungua kutokana na hedhi. Mimi hunywa chai ya maziwa saa 11 na nusu alfajiri na kuwahi matatu. Nivipange vipi?

MamaSouthB

Kidonge cha tezi kinataka tumbo tupu, maji matupu, na nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Madini ya chuma na kalisi yakae mbali nacho kwa saa 4, la sivyo hukishika tumboni kisipite. Kama alfajiri haikuruhusu, muulize daktari kuhusu kukimeza usiku, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha jioni. Mimi hufanya hivyo, na vipimo vyangu vimetulia.

BintiWaUmoja

Amekubali. Cha tezi nitakimeza saa 5 usiku, maana huwa nimekula kabla ya saa 2, na vya chuma nitavimeza ofisini mchana. Chai yangu ya alfajiri imesalimika.